Barua ya wazi kwa Spika wa Baraza la Wawakilishi: kila chama kianze na mtu wake

Mheshimiwa Spika,
Baraza la Wawakilishi,
Chukwani, Zanzibar.

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.

Nakuandikia kutoka Wete, Pemba. Mimi ni mwalimu mstaafu wa skuli za serikali, na tangu vyama vingi viliporudi 1992 kura yangu imekuwa ya upinzani. Hili nalisema mwenyewe mapema, usije ukaambiwa na mtu mwengine. Ninaloliomba litawagusa watu wa chama tawala, na litawagusa khasa watu wa upande wangu.

Ombi langu ni hili. Mjumbe akitoa kauli ya kuwabagua Wazanzibari wenziwe kwa asili yao, kisiwa chao au chama chao, iwe ndani ya ukumbi au juu ya jukwaa la mkutano wa hadhara, wa kwanza kusimama kuikemea awe kiongozi wa chama chake mwenyewe Barazani. Asiposimama, huko kutosimama kwake nako kuandikwe kwenye taarifa rasmi za Baraza, na jina lake liwepo.

Tumeshaizoea picha yenyewe. Mjumbe anasimama kuchangia bajeti ya wizara, maji au barabara, na katikati ya mchango anatupia lake: wale si wenzetu, wale wana kwao, watu wa kisiwa kile hawana shukurani. Upande wa pili wanainuka, "Kuhusu utaratibu, Mheshimiwa Spika!" Upande wake wanagonga meza. Anaambiwa afute kauli, anafuta, meza zinagongwa tena kwa nguvu zaidi, na bajeti inaendelea. Ikifika laasiri sauti ile imeshakatwa kipande na kuingia kwenye simu, na huku kwetu vijana wanaisikiliza barazani wakiirudisha nyuma pale pale penye tusi. Ile sehemu ya kufuta kauli haimo kwenye kipande chao. Waliosikia kwamba maneno yamefutwa ni nyinyi mliokuwemo ukumbini.

Nieleze tusi hilo likishafika mtaani linafanya kazi gani, maana nimeliona.

Uchaguzi wa tarehe 25 Oktoba 2015 ulifutwa na Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, Jecha Salim Jecha, siku tatu baadae. Marudio ya 20 Machi 2016 CUF, chama chetu cha upinzani wakati ule, iliyasusia. Hasira ya Pemba ilikuwa na sababu yake, nami nilikuwa nayo na bado ninayo. Lakini hasira ile haikwenda kwa waliofuta uchaguzi, kwa vile hawafikiki. Ilikwenda kwa jirani. Mtaani kwetu palikuwa na mwenye duka anayejulikana ni mwana CCM. Duka la kawaida tu: sukari, mchele wa kupima, mafuta ya taa, boflo za asubuhi. Watoto waliotumwa sukari walianza kumpita mlangoni kwenda duka la mbali. Wengine walikuwa wanafunzi wangu, na walipita wakitazama chini, kwa sababu huyo ndiye aliyekuwa akiwapa peremende. Boflo zikawa zinalala mpaka zinakauka.

Kisha akafiwa na mamaake. Kwetu jeneza halikai begani kwa mtu mmoja, watu hulipokezana hatua chache chache mpaka makaburini, na kila anayepita njiani huingia akashika. Siku ile mabega yalikuwa ya jamaa zake na wazee wachache. Walilibeba masafa marefu bila ya wa kuwapokea, na wanaume wazima wamekaa vibarazani wanatazama. Bibi yule hakuwa na chama. Alikuwa mkunga, na baadhi ya wale waliokaa vibarazani aliwapokea yeye walipokuja duniani.

Sisemi kwamba viongozi wetu waliwaamrisha watu wasizike. Nasema hakuna hata mmoja aliyekuja mtaani kwetu, akapanda juu ya jukwaa lile lile tulilomshangilia, akatwambia kwamba jambo hili ni haramu na hatulitaki. Angelisema mtu wa CCM tungemzomea. Angelisema mtu wetu tungenyamaza, na wengine tungekwenda tukashika jeneza. Mimi nalijua hilo kwa sababu nawajua watu wangu.

Upande wa pili nao wana lao. Januari ya mwaka huo huo wa 2016, kwenye sherehe za Mapinduzi, lilipita bango la kuwakataa "machotara" na "Hizbu", yaani wafuasi wa chama cha zamani cha ZNP kilichopinduliwa 1964, kana kwamba Zanzibar ina wenyewe na wapangaji. CCM wenyewe walijitokeza kulikemea. Nilifurahi, na naliandika hapa kwa uwazi: maneno yalikuwa ya watu wao, na wao ndio waliosema si sahihi. Lingelaaniwa na CUF peke yao, bango lile lingegeuka fahari.

Wewe Mheshimiwa historia unaijua, sitaki kukusomesha. Machafuko ya uchaguzi wa Juni 1961 yaliua watu 68 hapa Zanzibar. Lakini miaka mitatu minne kabla ya siku ile watu walishasusiana maduka, magari ya abiria na maziko, na wakulima walishafukuzwa kwenye mashamba waliyokuwa wakikaa kwa sababu ya kadi ya chama. Magazeti ya vyama na mikutano ya hadhara ilikuwa ikiwapa watu majina ya kuitana kila wiki. Mapanga ya Juni yalikuta maneno yameshafanya kazi yake. Yaliyofuata Januari 1964 sina haja ya kuyataja. Na Januari 2001, hapa Pemba na Unguja pia, risasi zilipopigwa kwenye maandamano ya CUF, tume ya serikali chini ya Hashim Mbita ilihesabu watu 31 waliokufa, na zaidi ya watu 2,000 wakakimbilia Shimoni, Kenya. Hao tulikuwa tunawafahamu kwa majina.

Labda utaambiwa kwamba vyama haviwezi kuwatia adabu watu wao. Vinaweza sana. Mei 1988 CCM ilimfukuza Maalim Seif Sharif Hamad, aliyekuwa Waziri Kiongozi wa Zanzibar, na wenziwe sita. Januari 2012 CUF ikamfukuza Hamad Rashid Mohamed, aliyekuwa Mbunge wa Wawi. Agosti 2013 CCM ikamfukuza Mansour Yussuf Himid, Mwakilishi wa Kiembesamaki, kwa kuwa na msimamo wake juu ya muundo wa Muungano, na kiti kikamtoka. Vikao viliitwa, hoja zikaandikwa, hukumu zikatoka. Kwa hivyo mashine ya kuwajibishana ipo na inafanya kazi vizuri. Ila imetengenezwa kwa ajili ya anayewapinga wakubwa wa chama. Anayemtukana jirani yake, mashine ile haimuoni, na mara nyengine humpandisha cheo kwa sababu anajaza viwanja.

Mchelea mwana kulia hulia yeye. Vyama vyetu vimewachelea wana wao mno, na wanaolia ni watu kama yule mwenye duka.

Sasa kwa nini nataka aanze kiongozi wa chama chake, wala siombi Baraza lipige kura likamwadhibu? Marekani nao wana Baraza la Wawakilishi, na miaka ya karibuni wamejaribu njia zote mbili. Januari 2019 Steve King wa Iowa, wa chama cha Republican, alilihoji gazeti kwa nini kuamini ubora wa wazungu kumekuwa jambo la kuchukiza. Viongozi wa chama chake mwenyewe walimnyima kamati zote, na Juni 2020 wanachama wenziwe wakamwangusha kwenye kura za maoni. Hakuwa na wa kumlilia kwamba kaonewa na wapinzani.

Februari 2021 ikaja zamu ya Marjorie Taylor Greene wa Georgia, ambaye kabla ya kuchaguliwa aliunga mkono mitandaoni maneno ya kutaka viongozi wa Democratic wauawe. Safari hii chama chake hakikumgusa. Democratic, waliokuwa wengi, walimtoa kwenye kamati kwa kura 230 dhidi ya 199. Novemba mwaka huo wakamkaripia rasmi Paul Gosar wa Arizona, aliyesambaza video ya katuni inayomwonesha akimuua mjumbe mwenziwe, kwa kura 223 dhidi ya 207. Kutoka chama chake waliounga mkono ni wawili tu. Wingi ulipogeuka, Republican nao wakamchukua Ilhan Omar, mzaliwa wa Somalia aliyewahi kuishi kambi ya wakimbizi Kenya, wakamtoa Kamati ya Mambo ya Nje tarehe 2 Februari 2023 kwa kauli zake juu ya Israel, kura 218 dhidi ya 211. Makosa ya hao watatu kwangu si sawa hata kidogo, kutishia roho ya mtu ni jambo la peke yake. Lakini tazama adhabu ilivyokuwa: imekuwa zamu. Kila upande unasema wenye msimamo mkali wako kule, na anayeadhibiwa anarudi kwao shujaa, anachangiwa pesa.

Kwetu itakuwa mbaya zaidi, kwa sababu hapa wingi haugeuki. Kura ya kuadhibu Mjumbe ikipigwa Chukwani tunajua mapema nani ataadhibiwa. Hata akiwa ana makosa kweli, Pemba nzima itasema kaonewa, na itakuwa na ushahidi wa kutosha wa huko nyuma wa kusemea hivyo.

Ushahidi wenyewe ni kesi ya uhaini. Wanachama 18 wa CUF walikaa rumande tangu 1997 mpaka Novemba 2000, na mwisho Mahakama ya Rufani ikasema kosa la uhaini haliwezi kutendwa dhidi ya Serikali ya Zanzibar. Miaka yote ile waliitwa watu hatari. Kwa sababu hiyo naomba sana utaratibu huu usiguse mawazo ya mtu. Mjumbe anayetaka Muungano wa serikali tatu, anayetaka Muungano wa mkataba, anayetaka serikali moja, anayesema Tume ya Uchaguzi haifai, anayesema Serikali ya Umoja wa Kitaifa ivunjwe, huyo anafanya kazi tuliyomtuma, hata akisema kwa ukali, hata akinikera mimi. Tunayemtaka awajibishwe ni yule anayesema kundi fulani la Wazanzibari halina haki ya kuwa hapa, au halistahiki kuuziwa, kuajiriwa, kuozeshwa wala kuzikwa. Mpaka huo unaonekana. Mtoto wa darasa la saba angeuona.

Kinga ya Mjumbe kwa anayoyasema Barazani naijua na naitetea, bila ya hiyo wapinzani wasingefungua mdomo. Nisichokitaka ni kinga hiyo kufika mpaka ndani ya chama chake. Na Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 2015 ipo, na tume yake ipo, ingawa wananchi tumezoea kuisikia zaidi kwenye mambo ya tamko la mali na madeni. Kiongozi anayemiliki nyumba ambayo hakuitaja anaitwa ajieleze. Anayewapa watu ruhusa ya kumtenga jirani, aitwe na nani?

Kuna jambo moja jengine ambalo liko mikononi mwako kabisa, halihitaji mswada wala kura. Kauli ikifutwa isipotee. Iandikwe ilivyosemwa, yaandikwe maamuzi yako, liandikwe jina la kiongozi wa chama aliyesimama au aliyekaa kimya, na redioni isomwe pamoja na kauli yenyewe. Kufuta maneno kukawa ni kuyaficha kunamsaidia aliyeyasema. Miaka mitano baadae akija kuniomba kura, na akinambia yeye siku zote alikuwa mtu wa umoja, nataka niwe na mahali pa kwenda kutazama.

Julai 2010 Wazanzibari, asilimia 66 ya waliopiga kura, walisema ndio kwa serikali ya pamoja. Mimi nilikuwemo kwenye foleni. Hatukusema ndio ili vyama vigawane wizara. Tulichoka na vile tunavyoishi. Uchaguzi wa Oktoba 2025 umetuacha tena na vidonda, na nasikia maneno ya 2016 yakirudi mitaani, kwa sauti za vijana ambao 2016 walikuwa wadogo na hawakuyaona yale maziko.

Wa upande wangu watanambia huu si wakati, tuliodhulumiwa ni sisi, kwa nini tuanze sisi. Nawajibu hapa mbele yako. Madai yetu juu ya uchaguzi ni ya haki na sitayaacha. Lakini mtu wetu akimtukana mkaazi wa mtaa wetu, kumkemea si hisani tunayoifanyia CCM. Yule mkaazi ni wetu. Na wa CCM nao wasingoje mpaka wapinzani wawe wengi Barazani ndipo wagundue kwamba Mjumbe wao amekosea.

Nakala ya barua hii nimeipeleka kwa mnadhimu wa CCM na kwa viongozi wa ACT-Wazalendo, chama cha upande wangu hivi sasa, ili siku utakapowauliza asiwepo wa kusema hakupata habari. Naomba uwaulize kwenye kikao kijacho, mbele ya redio.

Wassalaam,

Mwalimu mstaafu,
Wete, Pemba.