Tuandikieni na makosa yetu

Kwako Mhariri,

Katika toleo lenu la Jumanne iliyopita, ukurasa wa michezo ulibeba habari ya mchezo wa softiboli, ule wa gongo na mpira ulio ndugu wa besiboli, uliochezwa Jumamosi hapa Kisumu baina ya makundi mawili ya wastaafu, nami nikiwa mmoja wa waliokuwa uwanjani siku hiyo naomba nafasi kidogo niijibu. Nianze kwa shukrani, maana hakuna aliyewalazimisha kutuma mwandishi, na mjukuu wangu aliikata habari hiyo akaibandika kwenye mlango wa friji, ambapo ingalipo hadi ninapoandika barua hii. Hata hivyo, kila ninapoisoma nikingoja chai ichemke, hukwama kwenye sentensi moja ya aya ya tatu, isemayo kwamba matokeo hayakuwa na umuhimu kwa wazee hawa kwani walikuja kufurahia hewa safi.

Matokeo yalikuwa 14 kwa 13, Mhariri. Waliovaa vizibao vya manjano waliwashinda wa kijani kwa mkimbio mmoja tu (alama apatayo mchezaji akizipita besi, yaani vituo vya uwanjani, hadi ya mwisho iitwayo nyumbani), katika awamu ya saba ambayo ndiyo ya mwisho, wakati wapigaji wao wawili walikuwa wamekwisha kutolewa, wa tatu akitoka zamu yao imekwisha, na sisi wa kijani tulikuwa tumeanza kukunjua miguu tukijua tumeshinda. Hewa safi tunaipata barazani kwetu bila malipo, tena hewa ya ziwani, pasipo kuamka alfajiri na kupanda tuktuk hadi Mamboleo huku gongo na glavu vikiwa vimebanwa katikati ya magoti. Kuhusu umuhimu wa matokeo, nitasema tu kwamba mabishano juu ya awamu ile ya saba yaliendelea hadi Jumatatu, na kwamba wawili kati yetu walikuwa bado hawajasemezana siku gazeti lilipotoka.

Simlaumu kijana wenu kwa dharau, kwa sababu hakuwa nayo. Alitusalimu mmoja mmoja, akakataa kiti hadi wakubwa wote walipoketi, na alipotaka kupiga picha aliomba ruhusa. Nadhani ni adabu hiyo hiyo iliyoiharibu habari yake. Mtoto aliyelelewa vyema huona vigumu kuandika kwamba mtu wa umri wa baba yake alidondosha mpira uliomwangukia kifuani, kwa hiyo akaamua kuandika kwamba sote tulicheza vizuri, tukacheka sana, na tukawa mfano kwa vijana. Hakuna jina hata moja lililotajwa, ila "mzee mmoja" na "mama mwingine", na picha iliyochapishwa haikuwa ya mpigaji wala mrushaji bali ya mwenzetu aliyekuwa akipakwa dawa gotini. Habari za namna hiyo huweza kuandikwa mtu akiwa nyumbani kwake, kabla mchezo haujaanza.

Mahali alipojaribu kueleza mchezo wenyewe, alipotoka kwa sababu hakuuliza. Aliandika kwamba katika awamu ya tatu timu ya manjano, baada ya kupata mikimbio mitano, "iliomba kupumzika" ingawa ilikuwa na watu kwenye besi zote tatu. Haikuomba chochote. Katika softiboli ya wazee, kama inavyochezwa Marekani ambako tuliichukua, timu ikishapata mikimbio mitano katika awamu moja hubadilishana na wapinzani, ili upande mmoja usipige hadi jua litue na mwingine ukichakaa nyuma ya mipira. Kikomo hicho huondolewa katika awamu ya mwisho pekee, jambo ambalo lilituponza sisi, na msomaji asiyelijua hawezi kuelewa kwa nini watu wanaongoza kwa mikimbio miwili na bado wanatetemeka.

Vilevile aliandika kwamba dereva mstaafu wa garimoshi, baada ya kuupiga mpira hadi katikati ya uwanja, "alishindwa kuendelea na akasaidiwa na mwenzake", kisha baadaye "akarejea kishujaa." Dereva yule hakushindwa. Alifika besi ya kwanza kwa miguu yake mwenyewe, kisha akatumia haki aliyopewa na sheria ya kuwekewa mkimbiaji wa badala, na zamu yake ya kupiga ilipofika tena alishika gongo kama kawaida. Tangu gazeti litoke amepigiwa simu na jamaa zake wa Muhoroni na Butere wakimpa pole, na mmoja amemshauri aache kabisa michezo.

Kisa cha awamu ya tano ndicho kilichonichekesha. Mwandishi alieleza kwamba mkimbiaji wetu alitolewa karibu na besi ya mwisho ingawa mdakaji, yule akaaye nyuma ya mpigaji, hakumgusa kwa mpira, akadokeza kwa upole kwamba huenda macho ya mwamuzi yamechoka. Macho ya mwamuzi wetu ni mazima. Wazee huwekewa besi mbili za mwisho, moja ya mdakaji na nyingine kando yake ya mkimbiaji, ili watu wawili wenye mifupa ya miaka sitini na zaidi wasigongane. Mdakaji akiudaka mpira huku mguu wake ukiwa kwenye besi yake kabla mkimbiaji hajafikia yake, mkimbiaji ametoka, na hakuna haja ya kumgusa. Kwa sababu hiyo hiyo besi ya kwanza nayo huwa pacha, nusu nyeupe ya mlinzi na nusu ya rangi ya chungwa ya mkimbiaji. Zetu tulizikata kutoka kwenye mikeka ya zamani ya mpira, na ile ya chungwa ilipakwa rangi na fundi wa boda wa pale Kondele ambaye hadi leo hajui ilikuwa ya nini.

Huenda mtauliza kwa nini mtu apoteze wino kwa mambo haya. Mchezo huu, Mhariri, ulizaliwa na watu waliokuwa wakingoja matokeo. Mwaka 1887, Siku ya Shukrani ya Wamarekani, vijana waliosoma Yale na Harvard walikusanyika katika klabu ya wapiga makasia ya Farragut mjini Chicago wakisubiri kuletewa habari ya mechi ya vyuo vyao. Habari ilipofika, mmoja alimrushia mwenzake glavu ya ngumi naye akaipiga kwa fimbo, na George Hancock, aliyekuwa mwandishi wa habari za soko, akaifunga glavu hiyo ikawa mpira na akachora uwanja humo ndani ya ukumbi. Inasimuliwa kwamba walimaliza 41 kwa 40. Walikuwa wakicheza kwa mzaha, ndani ya nyumba, bila kombe wala kiingilio, na zaidi ya miaka 130 baadaye alama zao zinajulikana kwa sababu yupo aliyeona zinafaa kuandikwa.

Nchi hiyo hiyo ina mji uitwao St. Petersburg, katika jimbo la Florida, ambako tangu mwaka 1930 wako wachezaji wa softiboli waitwao Kids and Kubs, na asiyetimiza miaka 75 hapokelewi. Katika mashindano makubwa ya wazee huko, watu hugawanywa kwa umri kila baada ya miaka mitano, wa 60 na wenzao, wa 65 na wenzao, hadi wa 80 na kupanda, na mpira hurushwa polepole kwa upinde ambao kwa kawaida hutakiwa kuwa kati ya futi 6 na 12 kutoka ardhini. Binti ya mwenzetu mmoja, anayeishi Ohio, hututumia habari za ligi ya wastaafu ya mtaani kwake, na hizo ndizo zilizonifunza jinsi jambo hili linavyoandikwa. Huwa ni aya nne au tano. Nani alirusha, nani alipata 3 kwa 4, yaani alipiga vyema mara tatu katika zamu nne, awamu ipi mambo yaligeuka, na nani alikosea. Umri hautajwi kabisa. Nilisoma kadhaa kabla ya kugundua kwamba mrushaji mmoja niliyemsifu sana moyoni ana miaka 81.

Mwenye sifa kubwa katika uandishi huo ni Henry Chadwick, Mwingereza aliyehamia Brooklyn akiwa mtoto na aliyefariki mwaka 1908, ambaye aliuwekea mchezo wa besiboli jedwali lake la gazetini, na ndiye anayetajwa kuwa aliyeichagua herufi K iwe alama ya mpigaji aliyekosa mara tatu akatoka. Jedwali lile lina safu ya makosa. Sisi nasi tunalo daftari, la mistari ya kawaida, ambalo mwalimu mwenzangu wa hesabu huliandika kwa kalamu ya risasi. Kila nafasi ina namba yake, mrushaji akiwa 1 na mdakaji 2, hivi kwamba akiandika 6-4-3 unajua mpira ulipita mikononi mwa nani na nani hadi watu wawili wakatoka kwa mpigo mmoja. Kijana wenu aliketi karibu na daftari hilo kwa saa mbili na akaweka chupa yake ya maji juu yake.

Wala hatuhitaji kwenda Marekani kutafuta ustadi. Sisi tuliokuwa wazima mwaka 1987, Gor Mahia ilipotoka sare 2-2 na Esperance kule Tunis na 1-1 Nairobi, ikatwaa Kombe la Washindi la Afrika kwa mabao ya ugenini, twajua Kiswahili kinavyoweza kumpeleka msikilizaji uwanjani. Marehemu Leonard Mambo Mbotela, mtangazaji wa redio, alitufanya tuone mpira kwa masikio, na hakuwa na haya ya kusema mchezaji amepoteza nafasi ya wazi. Hatukuona amewavunjia heshima. Softiboli ina upungufu wa maneno kwetu, nakubali, na hata sisi twabishana kama tuseme mkimbio au pointi, besi au kituo. Lakini maneno hupatikana kwa kuandikwa, na ukurasa wenu ungekuwa mahali pazuri pa kuyajaribu.

Nina sababu nyingine, na pengine ndiyo iliyonisukuma kushika kalamu. Mwenzetu aliyekuwa mlinzi wa besi ya tatu alipata kiharusi mwanzoni mwa mwaka na sasa yuko kwa mwanawe huko Ahero. Kila Jumamosi jioni mwalimu wa hesabu humpigia simu na kumsomea daftari, awamu baada ya awamu, naye husikiliza kimya hadi mwisho na kuuliza maswali ya mtu anayeuona uwanja: upepo ulikuwa unatoka upande gani, mkimbiaji wa besi ya pili alikuwa amesogea kiasi gani. Jumanne ile alisomewa habari yenu badala ya daftari, kwa kuwa sote tulifurahi kutoka gazetini. Aliuliza swali moja tu, kwamba mchezo ulikwishaje, na katika aya zote tisa jibu halikupatikana.

Siombi ukurasa. Najua ligi kuu zina wasomaji wake, na mtu akinunua gazeti pale Kibuye hanunui ili ajue wastaafu wa Mamboleo walipataje. Aya nne kila mwezi zinatosha, au hata mbili, mradi zina alama, majina na nafasi za wachezaji, na zisitaje nywele nyeupe.

Ili nisionekane ninaomba nisichoweza, naandika hapa aya ambayo ningependa kuisoma Jumanne ile. Wa kijani waliingia nusu ya pili ya awamu ya saba wakiongoza 13 kwa 11. Mpigaji wa kwanza wa manjano alitolewa kwa mpira wa juu uliodakwa na mrushaji, wawili waliofuata wakafika besi salama, na muuguzi mstaafu akapiga mpira uliopita katikati ya walinzi, mmoja akafika nyumbani ikawa 13 kwa 12, yeye akasimama besi ya pili na mwenzake besi ya tatu. Mpigaji aliyefuata alikosa mara tatu akatoka. Kisha dereva wa garimoshi aliupiga mpira juu sana kuelekea uwanja wa kushoto, mpira wa kawaida usio na upepo wala jua machoni, na mlinzi wa kushoto, ambaye ni mwandishi wa barua hii, akauweka ndani ya glavu na kuutoa tena. Wakimbiaji wote wawili wakafika nyumbani. Kosa, namba 7.

Tutacheza tena Jumamosi hii kuanzia saa mbili asubuhi, mvua isiponyesha. Kijana wenu akija, daftari litakuwa mezani chini ya mwembe, na mwalimu wa hesabu ameahidi kumwekea kiti kando yake.

Wako mwaminifu,
Mwalimu mstaafu,
Kisumu