Uzi ulio ndani ya kipindupindu

Langoni, Lamu

Kwa shoga yangu Mwanakheri,

Asalaam aleikum. Sisi hapa wazima, alhamdulillahi. Bibi yuakusalimu sana, na kila siku auliza waja lini.

Ama baada ya salamu, nina neno limenikaa moyoni. Juzi nilikuwa nikitayarisha somo la kipindupindu kwa watoto wa kidato cha tatu. Kumbe yule bakteria, Vibrio cholerae, sumu ile ya kuharisha hadi mtu kukauka maji si yake! Ameletewa na kirusi. Wanasayansi Waldor na Mekalanos walilionyesha hilo Marekani mwaka 1996. Kirusi chenyewe ni kama uzi: hushika kinywele kilicho juu ya bakteria, kikaingia, kisha jeni zake zikajishona katika jeni za mwenyeji. Jeni za sumu zimo humo.

Nilisoma haya barazani, bibi kando yangu ashona kofia ya vito. Wamjua alivyo: apitisha sindano kwenye kitundu, auvuta uzi polepole kitambaa kisikunjike. Nikamwambia, bibi, ndivyo vinavyotoka hivi! Virusi vingi vya bakteria humpasua mwenyeji, vikatoka vyote kwa pamoja. Hivi vilivyo kama uzi, vya jamii ya Inoviridae, havimuui. Huchomoza kimoja kimoja tunduni, vikivishwa protini papo hapo, na bakteria aendelea kuishi na kugawanyika, ingawa polepole. Ndugu yao M13, anayekaa kwa bakteria wa tumboni E. coli, ana upana wa nanomita 6 au 7 na urefu karibu 900. Jeni zake ni 11 tu.

Na kuna kheri pia. Mwaka 1985 George Smith alipachika kipande cha protini ngeni juu ya uzi kama huo. Gregory Winter akaitumia njia hiyo kutafutia kingamwili, zile protini za kinga ya mwili, za kufanyia dawa, na mwaka 2018 wote wawili wakawa miongoni mwa waliopewa Nobeli ya kemia. Dawa moja iliyotokana na kazi hiyo, adalimumab, hutibu baridi yabisi ya viungo.

Bibi aliposikia baridi yabisi aliweka kofia chini, akavitazama vidole vyake. Siku hizi kofia moja yamchukua miezi. Daktari bado hajatuambia ni ugonjwa gani hasa. Wewe uko hospitalini huko Malindi: niulizie vipimo vyake hufanywa siku gani, na hiyo dawa ni bei gani.

Wako,
Zuhura