Roketi ya Warusi: tuulize inachoma nini

Mhariri,

Vijana wa barazani kwetu Likoni wameshughulika na picha ya roketi ya Warusi, Amur, ikitua wima kwa miguu yake. Picha yenyewe ni mchoro tu, lakini ubishi ni wa kweli. Mimi ni fundi wa injini za boti, na naona wote wamelipita jambo lenyewe. Kutua si ajabu tena. Falcon 9 ya Marekani inatua tangu 2015. Waulize Amur itachoma nini.

Falcon 9 huchoma mafuta ya taa. Hata yakisafishwa vipi, kila aliyepikia jiko la utambi anajua sufuria inavyogeuka. Tena ndani ya injini ya roketi mafuta hayo hupitishwa kwanza kwenye vijia vyembamba vya kupoza kuta zake, na kwa joto lile huweza kuacha utando mgumu. Ukitaka kuirusha injini hiyo hiyo mara nyingi, utando na masizi ndio adui zako. Methani, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi asilia, huungua safi zaidi. Huwa kimiminika kwenye nyuzi 162 chini ya sifuri, si mbali na oksijeni ambayo roketi hubeba ya kuunguzia mafuta, ya nyuzi 183 chini ya sifuri, basi matangi mawili hukaa jirani bila tabu kubwa. Haidrojeni ni safi kuliko zote, ila ni nyepesi mno na tangi lake huwa jitu.

Kwa hiyo chaguo la Warusi, Amur ichome methani, ni la kifundi hasa. Tarehe zao ndizo zinazonichekesha. Roscosmos, shirika lao la anga, walitia saini mkataba wa kuisanifu Oktoba 2020, wakasema itaruka 2026 kutoka Vostochny, kituo chao cha kurushia roketi, ibebe tani 10.5, kwa dola milioni 22 kila safari. Sasa inatajwa 2030. Fundi akikwambia kesho, muulize kesho ya mwezi gani! Wachina angalau wamejaribu: Long March 12A yao, ya methani pia, ilifika kwenye mzingo wa dunia Desemba 2025, lakini sehemu yake ya chini haikutua salama.

Kwa nini yatuhusu? Pale Ngomeni, kaskazini ya Malindi, Waitaliano walirusha roketi za Scout kuanzia 1967 hadi 1988, pamoja na ile iliyobeba setilaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970. Zilikuwa za mafuta magumu, za kutumika mara moja, na vipande vyake vikaishia baharini.

Serikali ikizungumza tena habari za kurusha roketi pwani yetu, naomba waandishi wako waulize mawili: injini inachoma nini, na sehemu ya chini itaangukia au kutua wapi. Hilo la pili wavuvi wa Ngomeni waambiwe kabla ya saini kutiwa.

Fundi wa boti,
Likoni, Mombasa