Barua ya wazi kwa Waziri wa Usalama wa Ndani kuhusu bastola ya meza namba sita

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu zangu pamoja na heshima zote zinazoistahili ofisi yako. Ninaandika hadharani kwa sababu barua mbili nilizozipeleka kwa faragha katika ofisi ambayo sitaitaja, ya kwanza mwaka jana na ya pili baada ya Pasaka, hazijajibiwa hadi leo, na kwa sababu Jumapili iliyopita, saa tatu kasorobo usiku, risasi ilitoboa paa la mkahawa wangu wateja wakiwa wanakula.

Mkahawa wenyewe ni mdogo, uko kando ya barabara kuu ya Nairobi kwenda Nakuru. Una meza kumi na moja, jiko la makaa upande wa nyuma, na paa la mabati ambalo bado ninalilipia mkopo wa chama. Mteja ninayemlalamikia si mgeni hapa. Huja na marafiki zake kila mwisho wa mwezi, huagiza kilo tatu za mbuzi na chupa kadhaa za pombe kali, na siku akiwa na moyo mkunjufu hulipa bila kuuliza chenji. Novemba mwaka jana alibishana na mhudumu wangu kuhusu shilingi 400, akisema kuna bia mbili kwenye bili ambazo yeye hakuziagiza. Hakupaza sauti hata kidogo. Aliinua shati, akachomoa bastola kiunoni, akailaza juu ya meza baina ya sahani ya kachumbari na kibakuli cha chumvi, mdomo wake ukimwelekea kijana wa watu tumboni, kisha akaendelea kutafuna. Kijana akasema, "Samahani, mkubwa, kosa ni langu," akaifuta bili nzima badala ya zile shilingi 400. Mimi nilikuwa jikoni nikigeuza mbavu, na nilipotoka nilikuta watu wote wamenyamaza, na kile chuma cheusi kimetulia pale mezani kana kwamba nacho kimeagizwa pamoja na ugali.

Nilikwenda kituoni asubuhi yake. Niliandikiwa nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, nikaulizwa jina la mteja, na afisa aliyekuwa zamu alipolisikia akaweka kalamu chini na kuniambia kwa upole, "Mama, huyo ana leseni."

Mheshimiwa, nimelifikiria jibu hilo kwa miezi mingi. Mimi nilikuwa nimeripoti kwamba mlevi amemtishia mfanyakazi wangu kwa bastola, nami nikajibiwa kama mtu aliyeuliza iwapo bastola hiyo ni ya wizi. Leseni imegeuzwa kuwa mwisho wa mazungumzo, ilhali kwa ninavyoisoma Sheria ya Silaha, Sura ya 114, leseni ndiyo mwanzo wake. Sheria hiyo inamnyima cheti mtu mwenye mazoea ya ulevi au asiyefaa kukabidhiwa silaha, inaruhusu cheti kilichokwisha kutolewa kifutwe kwa sababu hizo hizo, na inamhesabu kuwa mkosaji mtu anayelewa au kufanya fujo akiwa amebeba silaha. Sihitaji Bunge linitungie sheria mpya. Ninahitaji mtu mmoja katika serikali hii aisome iliyopo hadi mwisho.

Nisieleweke vibaya. Sipingi raia kumiliki silaha, na sijasahau jumba la maduka la Westgate, Nairobi. Tarehe 21 Septemba 2013, magaidi walipoua watu 67 katika jumba lile, baadhi ya waliotangulia kuingia na kuwatoa akina mama na watoto waliokuwa wamejificha walikuwa raia wenye leseni, bastola zao ndogo mkononi dhidi ya bunduki za kivita. Pale hoteli ya Dusit, Nairobi, iliposhambuliwa na magaidi Januari 2019, pia raia wenye silaha walijitokeza kusaidia. Watu wa namna hiyo nawavulia kofia. Mmoja wa wateja wangu wa kawaida ni mfanyabiashara anayebeba fedha za mauzo kutoka mji mmoja hadi mwingine; ana bastola, nami nilijua hivyo baada ya miaka mitatu, aliponiambia mwenyewe. Anakunywa soda. Aliniambia kwamba mtu aliyefunzwa vizuri huificha silaha yake hata mkewe akasahau kwamba anayo, kwa maana ikishaonekana imekwisha kutumika, iwe imelia au haijalia.

Mteja wangu wa meza namba sita, kwa upande wake, husema ni haki yake. Nadhani ameokota neno hilo kwa Wamarekani, ambao katiba yao ina marekebisho ya mwaka 1791 yanayotaja haki ya kumiliki na kubeba silaha, na ambao mahakama yao ya juu ilitamka mwaka 2022 kwamba haki hiyo haikomi mlangoni pa nyumba. Hayo ni yao, ingawa hata kwao yapo majimbo yanayokataza bastola kuingizwa katika baa. Katiba yetu ya 2010 nimeipekua, na sikuona bastola ya mtu yeyote ndani yake. Nilichokiona ni Kifungu cha 29, kinachonihakikishia kwamba sitatendewa ukatili na serikali wala na mtu binafsi, na Kifungu cha 37, kinachoniruhusu kukusanyika na wenzangu kwa amani na bila silaha. Kama mimi nikitaka kuandamana ni lazima niende mikono mitupu, sielewi ni kwa nini mwenzangu akitaka kubishania bili ya bia aje na risasi.

Sasa nirudi kwenye Jumapili. Mlangoni nina bawabu, mzee wa miaka sitini na kitu, mwenye rungu na kile kifaa cha kukagulia chuma ambacho tuliambiwa tukinunue kwa usalama wa wateja. Kifaa kililia kilipofika kiunoni mwa mtu huyu. Mtu huyu akainua ncha ya shati, akaonyesha, akatabasamu. Bawabu wangu akapiga saluti na kumkaribisha. Nilimuuliza baadaye kwa nini hakumzuia, naye akanitazama tu, kisha akalitazama rungu lake. Nikaona haya kwa kumuuliza.

Watu walikuwa wakitazama mpira. Yeye alitaka muziki uongezwe, na wengine wakataka wamsikie mtangazaji. Mpishi wangu alimwomba asubiri dakika kumi mechi iishe. Mlio wa bastola ulikuwa mfupi na mkavu kuliko nilivyodhani ungekuwa, kama ubao uliovunjwa kwa goti, na baada yake vumbi la kutu likawa linashuka taratibu juu ya sahani za watu. Mtoto wa mteja mmoja alikojoa hapo alipoketi. Watu walikimbia kupitia jikoni, wakaruka ua wa nyuma, wakaacha viatu, simu na bili ambazo hazitalipwa kamwe. Ganda la risasi nililikuta chini ya friji, nikalifunga kwa karatasi ya kupangusia mikono, nikalipeleka kituoni pamoja na ile nambari ya OB ya Novemba. Kwanza niliambiwa gari la kituo halikuwa na mafuta, ndiyo maana hakuna aliyefika usiku ule. Kisha nikaambiwa, kwa nia njema kabisa, naamini, "Kama unaogopa sana, Mama, kwa nini nawe usiombe leseni?"

Ushauri huo nimeupima, Mheshimiwa, kwa kuwa umetoka kwa mtu wa serikali. Nimejiona nikigeuza mbavu huku bastola imening'inia chini ya aproni, mafuta yakinitiririka mikononi. Nimejiuliza nitaifungia wapi usiku katika nyumba ya vyumba viwili yenye wajukuu wanne. Nimejiuliza pia, siku nitakapompiga mtu risasi kwa shilingi 400, iwapo afisa yule ataweka kalamu chini na kusema, "Huyo mama ana leseni." Sidhani. Nadhani kuna leseni na leseni, na kwamba jina la mtu ndilo linalosomwa kabla ya makosa yake. Kama ni kujuana, kama ni hofu ya askari wa chini kwa wakubwa, au kama faili hupotea tu kati ya kituo na bodi inayotoa leseni, sina njia ya kujua, lakini matokeo nayajua kwa sababu ninayafagia.

Desemba 2018, aliyekuwa katika kiti chako aliagiza raia wote wenye silaha wahakikiwe upya kwa muda wa siku 90, na sisi wengine tukaahidiwa kwamba wasiostahili wangepokonywa. Tulipiga makofi. Miaka imepita, na kabla ya kuniambia kwamba utaratibu upo, ningependa uniambie ni nani aliyemhakiki huyu wangu, na kama aliwahi kuulizwa anakunywa nini akiwa ameibeba.

Najua utasema niende mahakamani. Januari 2020 mchezesha santuri alipigwa risasi shingoni katika kilabu cha Kilimani, Nairobi, na mbunge mmoja akashtakiwa. Shtaka la kujaribu kuua liliondolewa, na Desemba 2023 mahakama ikamwachilia huru kwa shtaka lililobaki la kufanya fujo akiwa na silaha. Mahakama imesema hana hatia, nami siandiki kupinga. Ninachokitazama ni kalenda. Ikiwa jambo lililofuatiliwa na taifa zima lilichukua karibu miaka minne, la mwanamke wa nyama choma litachukua mingapi, na katika miaka hiyo bastola itakuwa inalala kiunoni mwa nani?

Kwa hiyo ombi langu ni moja. Raia mwenye leseni akiripotiwa kwamba ameitoa silaha yake mahali pa kula au kunywa, ichukuliwe siku hiyo hiyo, iwekwe ghala la polisi, na uchunguzi ufuate. Ikionekana nimemsingizia, arudishiwe na mimi nishtakiwe. Ichukuliwe kwanza. Uchunguzi unaweza kwenda kwa mwendo wake wa kawaida, ambao nimeshauzoea, lakini silaha ichukuliwe kwanza.

Mhudumu wangu wa Novemba aliacha kazi, yuko kwao akichunga. Wa sasa amenipa notisi. Mauzo ya wiki hii hayafiki nusu ya yale ya wiki jana, na mkopo wa paa haujui kwamba paa limetobolewa. Jumanne ilinyesha, na nikaweka sufuria juu ya meza namba sita kukinga maji.

Mwisho wa mwezi ni Ijumaa ijayo, Mheshimiwa. Amekwisha kupiga simu. Anataka mbuzi, kilo tatu, na meza yake ya siku zote, na ameniuliza kwa sauti ya utani kama nimeshaziba lile tundu.

Wako mtiifu, kwa sasa,

Mwenye mkahawa,
Barabara ya Nairobi–Nakuru