Maji hayafiki mashamba ya chini? Anzieni banioni

Vikundi vingi vya wamwagiliaji hutuita sisi wajenzi wa mifereji vikiwa vimeshaamua: mfereji mkuu wote usakafiwe, kwa sababu mashamba ya mwisho yanakauka. Kusakafia ni kazi ghali, na mara nyingi siyo ya kuanza nayo. Kwanza tunaomba kutembea na viongozi wa kikundi kutoka banioni, yaani mahali maji ya mto yanapochepushwa kuingia mferejini, hadi shamba la mwisho, tukichoma kijiti ndani ya maji kila baada ya mita 50. Kijiti kikizama sentimita 20 kwenye mchanga laini, tatizo limeshaonekana, na saruji haitaliondoa.

Mchanga huingilia banioni. Kizingiti cha lango la mfereji kikiwa sawa na sakafu ya mto, mafuriko ya siku moja yanatosha kujaza mamia ya mita. Tunakiinua, kisha pembeni yake tunajenga lango la pili lililo chini zaidi, la kusukumia mchanga urudi mtoni. Baada ya lango kuu linafuata bwawa dogo la kutegea mchanga. Kwa mfereji wa lita 100 kwa sekunde, upana wa mita 1 na kina cha maji cha nusu mita hupunguza mwendo hadi sentimita 20 kwa sekunde. Punje ya mchanga ya milimita 0.2 huhitaji kama sekunde 25 kufika chini, yaani mita 5 za mwendo. Sisi hujenga mita 10, kwa kuwa maji yanayoingia huwa bado yanachafuka. Bwawa hili lisipofunguliwa na kusafishwa mara kwa mara wakati wa masika, ni kama halipo.

Lita hizo 100 zinatosha takriban hekta 50 za mpunga, tukihesabu lita 2 kwa sekunde kwa kila hekta pamoja na upotevu. Mfereji wa mawe na saruji wenye kitako cha sentimita 40, maji ya kina cha sentimita 30 na kingo za mlalo wa 1:1 (sentimita 1 pembeni kwa kila sentimita 1 ya kwenda juu) huzibeba kwa mteremko wa sentimita 10 kila mita 100. Mteremko huo upimwe kwa mashine ya usawa na vigingi, siyo kwa macho. Kwenye mfereji wa udongo, mwendo ukipungua chini ya sentimita 30 kwa sekunde tope hutulia na magugu huota. Ukizidi 60 au 70, kingo huanza kuliwa. Ardhi ikiporomoka zaidi, tunajenga ngazi za kushushia maji, na chini ya kila ngazi sakafu ya mawe. Bila sakafu hiyo maji huchimba shimo na ngazi yenyewe huanguka.

Udongo wa mbuga, ule mweusi wa mfinyanzi, ni adui wa sakafu. Hufura masika, hupasuka kiangazi, na zege hupasuka nao. Hapo lazima uchimbwe na kuondolewa, ijazwe moramu (udongo wa changarawe) iliyoshindiliwa kwa tabaka, na zege liachiwe maungio ya lami kila mita 3.

Mkija kuomba makadirio ya gharama, leteni kibali cha kutumia maji kutoka Bodi ya Maji ya Bonde na vipimo vya mto vya mwisho wa kiangazi. Kipimo cha masika hakitusaidii kupanga ukubwa wa mfereji.