Kwa mdogo wangu, kuhusu zile kilomita sita za mwisho

Kwako mdogo wangu,

Salamu nyingi. Mimi huku sijambo. Shikamoo zangu wafikishie Baba na Mama kabla hujaendelea kusoma, maana nakujua: ukishaingia kwenye habari za mbio hutakumbuka kingine.

Picha za daftari lako zimefika zote, na ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unasema kilomita 28 za Jumapili zilikuvunja ukiwa kwenye ya 22, sita zilizobaki ukazitembea, na sasa unafikiria kujitoa kwenye marathoni wakati zimebaki wiki 5. Kabla hujajitoa, chukua kalamu. Jibu limo humo humo daftarini.

Nusu marathoni uliimaliza kwa saa 2 na dakika 5, yaani dakika 5:55 kwa kila kilomita. Hapo ulijikamua. Sasa tazama Jumapili: kilomita 10 za kwanza ulizikimbia kwa 6:05. Ulianza safari ya kilomita 28 ukiwa umepunguza sekunde 10 tu kutoka kwenye mwendo wako wa mashindano. Rudi nyuma kidogo: Jumanne 6:10, Alhamisi 6:15, Ijumaa 6:12. Daftari zima halina siku hata moja ya polepole. Unachokiita mbio nyepesi ni mbio za katikati, nzito mno kukupumzisha na nyepesi mno kukuongezea kasi. Ubaya wake ni kwamba zinafurahisha kwa wiki 6 au 7 za mwanzo. Saa inaonyesha namba nzuri, unajiona unapanda, kumbe uchovu unalala chini na kuongezeka kila siku.

Na hili lengo la saa 4 limetoka wapi? Marathoni ni kilomita 42.195, hivyo saa 4 ni dakika 5:41 kwa kilomita. Ni kasi kuliko uliyoitumia kwa nusu ya umbali huo. Hesabu inayotumika sana ni kuzidisha muda wa nusu marathoni kwa 2.085, kwako inatoa karibu saa 4 na dakika 21. Lakini hesabu hiyo inamfaa mtu aliyezoea kilomita nyingi kwa wiki. Anayekimbia chini ya 60 kama wewe azidishe kwa 2.2, na hapo unapata saa 4 na dakika 35, sawa na 6:31 kwa kilomita. Hiyo ndiyo marathoni yako ya mwaka huu. Angalia tena daftari uone kwamba kila siku ya mazoezi umekuwa ukikimbia kwa kasi kuliko hiyo.

Kuanzia kesho, siku nyepesi ziwe kati ya 7:20 na 8:00. Kipimo ni mdomo wako: useme sentensi nzima bila kukatiza kuvuta pumzi. Ukiweza maneno matatu tu, umezidi. Kwenye mlima tembea ikibidi. Wanaokupita wapite. Karibu sehemu nne kati ya tano za kilomita zako za wiki ziwe za namna hii, na kasi uiweke kwenye siku moja tu. Siku hiyo pasha mwili joto kilomita 2, kimbia dakika 6 kwa mwendo wa nusu marathoni, pumzika dakika 2 kwa kukimbia polepole, rudia mara 4, kisha poza mwili kilomita 2.

Kosa la pili liko kwenye jumla. Wiki nne zilizopita zinasomeka 34, 41, 47, 52. Umeongeza zaidi ya nusu ndani ya wiki tatu bila kushuka hata mara moja. Ile kanuni ya kuongeza asilimia 10 kwa wiki si sheria, ila kila wiki ya nne inapaswa kupungua kwa robo hivi, kwa sababu misuli na moyo huzoea upesi kuliko kano na mifupa. Tena ndani ya hizo 52, mbio ndefu peke yake ni 28, na siku nyingine nne ni sita sita. Zaidi ya nusu ya wiki umeitwika siku moja. Katikati ya wiki weka mbio moja ya kilomita 12 hadi 14, Jumapili haitakuwa mgeni tena kwa miguu yako.

Basi wiki hii ya 12 kati ya 16 shuka hadi kilomita 36, mbio ndefu iwe 16. Utajisikia unapoteza, hupotezi. Wiki ya 13 kimbia kilomita 30 au saa 3 na nusu, kitakachotangulia, kwa 7:20 au polepole zaidi. Ukipita muda huo faida inakuwa ndogo na miguu inachukua zaidi ya wiki kurudi. Wiki ya 14 kimbia kilomita 24, nane za mwisho kwa 6:30, ili mwili uujue mwendo huo ukiwa tayari umechoka. Baada ya hapo tunapunguza, nitakueleza chini.

Sasa tuje kwenye hizo kilomita sita ulizotembea, maana kasi haikufanya kazi peke yake. Uliandika kwamba ulitoka nyumbani bila kula kitu na njiani ukanywa mafunda mawili ya maji. Mwili huhifadhi wanga kwenye misuli na ini kwa umbo la glikojeni, gramu 400 hadi 500 kwa mtu wa kawaida, yaani kama kilokalori 1,600 hadi 2,000. Kukimbia kunakula takriban kilokalori 1 kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita. Wewe una kilo 66: kilomita 42 ni kama 2,800. Mafuta ya mwili huchangia sehemu, lakini kadiri unavyokwenda kasi ndivyo mwili unavyochagua wanga. Ndiyo maana watu wengi hugonga kile wanachokiita ukuta kati ya kilomita 30 na 35. Wewe uliukuta kwenye 22 kwa sababu ulilala bila kujaza, ukaamka ukatoka mtupu, ukaanza kwa kasi. Dalili zake ulizitaja mwenyewe bila kujua: miguu kama mbao, mawazo mabaya, hasira isiyo na sababu. Ubongo nao unaishi kwa sukari.

Dawa yake ni kula ukiwa bado una nguvu. Lenga gramu 40 hadi 60 za wanga kwa saa. Jeli za wakimbiaji, zile pakiti ndogo za wanga laini, nyingi zina gramu 20 hadi 25, hivyo moja kila nusu saa, ya kwanza kwenye dakika ya 30. Kwa saa 4 na nusu ni jeli 8. Soma pakiti, usikisie. Jeli iteremshe kwa maji matupu. Ukiiteremsha kwa kinywaji cha sukari, tumbo linapokea mchanganyiko mzito, linavuta maji ndani, nawe unatafuta choo. Kama jeli hazipatikani, lita 1 ya maji, vijiko vikubwa 5 vya sukari vilivyosawazishwa (gramu 60 hivi) na robo ya kijiko cha chai cha chumvi inafanya kazi ile ile, ila utalazimika kubeba chupa. Tumbo nalo hufundishwa: jaribu kwenye kila mbio ndefu kuanzia sasa. Anayejaribu siku ya mashindano hujuta kwenye kilomita ya 15.

Maji usinywe kwa woga wala kwa pupa. Jipime uzito bila nguo kabla na baada ya kukimbia kwa muda wa saa moja. Kilo moja iliyopungua ni kama lita moja ya jasho. Jumlisha na ulichokunywa njiani, umepata kiwango chako. Wengi huangukia kunywa mililita 400 hadi 800 kwa saa. Kupungua hadi asilimia 2 ya uzito hakuna shida. Kuongezeka uzito ndiko kwa kuogopa: maana yake umekunywa kuliko unavyotoa, na sodiamu kwenye damu inashuka. Vidole vikivimba, kichwa kikiuma, kichefuchefu kikija na mtu akaanza kuchanganyikiwa, asipewe maji zaidi. Apelekwe kwa wahudumu wa afya. Huwapata hasa wanaokwenda taratibu na kunywa kila kituo, kwa hiyo inakuhusu.

Kuhusu maumivu ya muundi: pitisha kidole kwenye ukingo wa ndani wa mfupa. Kama eneo linalouma ni refu, upana wa kiganja au zaidi, na linapungua ukishapata joto, huo ni uchovu wa misuli na utando wa mfupa. Punguza kilomita, kimbia kwenye udongo, fupisha hatua ili upige nyingi zaidi kwa dakika, kama asilimia 5. Kama ni sehemu moja ndogo kama sarafu, inauma usiku ukiwa umelala au ukiruka kwa mguu mmoja, simama kabisa na umwone daktari. Huenda ni ufa wa mfupa, na picha ya eksirei ya mwanzo inaweza isiuonyeshe. Maumivu mengine yakiwa tatu kwenye kipimo cha kumi na hayaongezeki, endelea taratibu. Yanayobadilisha jinsi unavyokanyaga ni ya kurudi nyumbani, hata kama umebakiza kilomita moja.

Fanya pia zoezi la kisigino: simama ukingoni mwa ngazi, panda kwa miguu yote miwili, shuka kwa mmoja ukihesabu hadi tatu. Mara 15, seti 3, siku tatu kwa wiki. Acha siku 10 kabla ya mashindano.

Viatu nilivyotuma vivae kwa zamu na vile vya zamani. Vingi huchoka kati ya kilomita 500 na 800, na vyako vya zamani nimevihesabu kwenye daftari: vina 610. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba, kwa sababu mguu huvimba. Mwambie Mama kwamba ule ukucha mweusi ni kiatu kifupi, si ugonjwa. Utaanguka wenyewe na mwingine utaota. Tundu la ziada la juu kwenye kamba litumie: pitisha kamba lifanye kitanzi, upande mwingine uingie humo, kisha vuta. Kisigino hakitacheza. Kwenye mapaja, kwapa na chuchu paka mafuta ya mgando kabla hujatoka.

Wiki ya 15 fanya kama asilimia 60 ya wiki ya 13, na wiki ya mwisho kama asilimia 35 kabla ya siku yenyewe. Idadi ya siku ibaki ile ile na vipande vifupi vya kasi vibaki. Kinachopungua ni urefu. Na hapa jiandae: utajisikia vibaya. Goti ambalo halijawahi kuuma litaanza kuuma, koo litawasha, usingizi utakimbia. Usikimbie kilomita 25 kujihakikishia, hakuna mazoezi ya siku 10 za mwisho yatakayokuongezea kitu. Siku mbili za mwisho kula wanga gramu 8 kwa kila kilo, kwako zaidi ya 500 kwa siku, ukipunguza mafuta na vyakula vyenye nyuzinyuzi nyingi. Mizani itapanda kilo 1 au 2, kwa sababu kila gramu ya glikojeni hukaa na gramu 3 hivi za maji. Usishtuke ukaacha kula.

Siku yenyewe, kula saa 3 kabla ya kuanza. Kilomita 5 za kwanza kimbia kwa 6:45, na hii itakuwa ngumu kuliko zote, kwa sababu utakuwa umepumzika na watu watakupita kama mto. Baada ya hapo 6:30 hadi mwisho. Ukishika hivyo unafika kwa saa 4, dakika 35 na sekunde 31. Hata marehemu Kelvin Kiptum, mkimbiaji wa Kenya, alianza kwa kujizuia: alipokimbia marathoni ya Chicago mwaka 2023 kwa 2:00:35, nusu ya kwanza ilimchukua dakika 60 na sekunde 48, ya pili dakika 59 na sekunde 47. Usiiamini sana saa yako ya mkononi: kwa kuzunguka kona kwa nje na kukwepa watu, itasoma 42.5 au zaidi, na kila kilomita italia kabla hujafika kwenye kibao. Fuata vibao, na kwenye kila kibao bonyeza kitufe cha saa mwenyewe.

Baba akija, asisimame kwenye mstari wa kumalizia. Asimame baada ya kilomita 32, na jeli mbili na chupa iliyofunguliwa kifuniko. Asikwambie "umekaribia". Akwambie namba ya kilomita tu.

Jumapili ijayo nitumie ukurasa wa mbio za kilomita 16: mwendo wa kila kilomita, uzito kabla na baada, ulichokula na dakika uliyokila. Nikiona 6:10 popote nitapiga simu.

Ni mimi dada yako.