Kuhusu makala yenu ya mabinti wasiojua kazi

Mhariri,

Ile makala yenu ya Jumapili iliyosema mabinti wa Dodoma siku hizi hawajui kazi za nyumbani ndo maana ndoa hazidumu, nimeisoma mpaka mwisho. Miaka yote nalinunua gazeti lenu pale Majengo nasoma nanyamaza, ila hii hapana. Ukurasa mzima, mvulana hajatajwa hata mara moja, kwani hizo ndoa ni za mtu mmoja?

Juzijuzi tulikuwa na kipaimara kwa ndugu zetu huko Nkuhungu. Binti yangu yuko darasa la sita, tangu asubuhi anamenya vitunguu na kuosha masufuria, wageni walipokaa akapewa jagi na beseni azunguke kunawisha watu, tena apige magoti kwa kila mmoja, hata kwa vijana wa fomu wani ambao bado wanapigania rimoti. Binamu yake wa kiume, rika lake kabisa, yuko kwenye kochi anaangalia mpira, kaletewa sahani mpaka mapajani, kala, kaiacha hapohapo chini. Nikamwambia mwanangu inuka, bomba liko nje, wenye mikono wakanawe. Weee! Shangazi mtu akaniwakia mbele za watu eti naharibu mtoto, kisha akamgeukia yeye, "kwa tabia hiyo utaolewa na nani wewe?" Mhariri, mtoto hata mtihani wa la saba hajafanya anaulizwa ataolewa na nani, magoti yamejaa vumbi, jagi linamtetemeka mkononi, na hakuna mtu mzima hata mmoja aliyemuuliza yule kijana sahani yake anamwachia nani.

Sikatai heshima, shikamoo watoe wote. Ila kama magoti ni heshima mbona wa kiume hapigi? Na lile swali la kuolewa msidhani ni maneno ya shangazi tu, Sheria ya Ndoa ya 1971 iliweka binti aweze kuolewa na miaka 15 mzazi akiridhia, mvulana mpaka 18, Mahakama ya Rufani 2019 ikasema huo ni ubaguzi. Mahakama imesema, sebuleni kwetu bado.

Na vikao vya wazazi shuleni navyo! Tunajaa akina mama watupu, akina baba wana kazi, matokeo yakiwa mabaya ndo utasikia "mwanao huyo".

Ombi langu ni hili, anzisheni kona ya mapishi kila Jumamosi, juu kabisa muandike KWA WAVULANA. Muanze na ugali wa uwele na mlenda, muelekeze na namna ya kuloweka sufuria lenye ukoko ili lisugulike vizuri, na picha iwe ya kijana kashika mwiko. Wangu wa kiume anapika na kuosha vyombo, akitaka mumpige picha nitamleta mwenyewe, ofisini kwenu napajua.

Mama wa watoto watatu,
Ipagala, Dodoma